Jina Fupi Mno

Siku hospitali ilipomwambia bibi yule kwamba jina lake ni fupi mno, alikuwa ameshalitumia kwa zaidi ya miaka sabini na hakuna mtu aliyewahi kulilalamikia. Aliolewa nalo, akazaa nalo, akazika mume nalo. Lilikuwa jina la herufi mbili, na kwa herufi hizo mbili majirani walimwita kutoka ng'ambo ya barabara naye akasikia.

Aliyempa habari hiyo alikuwa mwanawe wa kumzaa. Mwana huyu alikuwa karani wa mapokezi hospitalini hapo kwa miaka mingi, akiandika majina ya wagonjwa kwa kalamu katika kitabu kikubwa. Kisha hospitali ikaendelea. Vitabu vikapelekwa stoo, Karani akapewa kiti karibu na mlango, skrini, na cheo kipya cha Mwezeshaji wa Huduma za Kidijitali. Cheo kilipanda, mshahara ukabaki chini ukikiangalia.

"Imekataa," alisema.

"Nani kakataa?" aliuliza mama yake. Macho yake yote mawili yalikuwa yamefunikwa na ukungu wa mtoto wa jicho, na alikuwa akimwelekea mwanawe kwa sauti tu.

"Fomu, mama. Inasema jina ni fupi mno. Inasema uandike jina lako halisi."

"Iambie hilo ndilo nililopewa."

"Haiambiwi kitu. Ni kompyuta."

"Basi mwambie aliyeiweka humo."

Karani akakohoa. Aliyeiweka humo alikuwa mke wake.

Nyuma yao foleni ilikuwa imekunja kona. Mwanamume mmoja aliyembeba mtoto mwenye homa alivuta pumzi kwa nguvu, akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kuchoka, "Bibi, kama hujapata jina, utupishe wenye majina tuandikwe." Watu wawili watatu wakacheka. Bibi naye akacheka, maana angefanyaje.

Karani alimwendea msimamizi wake kumwomba amwandike mgonjwa huyo kwenye karatasi. Daktari bingwa wa macho alikuwa mgeni. Alikuja mara moja moja, akapasua kwa siku chache, akaondoka. Orodha yake ilikuwa ikijaa. Msimamizi alimsikiliza akiwa ameinamia simu.

"Orodha inatoka kwenye mfumo," alisema. "Karatasi haitambuliki tena."

"Lakini huyu ni mama yangu. Namtambua mimi."

"Wewe pia huko kwenye mfumo si karani tena. Ni mwezeshaji. Mwezeshe."

Karani akarudi kwenye skrini, akamwezesha. Aliandika jina la mama yake, kisha akaliandika tena papo hapo bila kuacha nafasi, likawa kama jina la mtu anayeitwa na mwenye haraka. Fomu ikalipokea bila kinyongo. Hongera, ikasema skrini, usajili wako umekamilika.

"Umefanyaje?" aliuliza bibi.

"Nimekuongezea."

"Na hilo la ziada nalipeleka wapi?"

"Halina kazi, mama. Ni la kupitia mlangoni tu."

* * *

Ofisini kwake mke wa Karani aliitwa Fundi, na jina hilo lilikuwa halali yake. Kampuni yao ilitengeneza tovuti za ofisi za watu wengine. Zamani kila tovuti ilijengewa fomu zake upya, na kila mjenzi aliweka makosa yake kwa namna yake. Fundi ndiye aliyekuja na wazo la vipande: kisanduku cha jina, kisanduku cha tarehe, kisanduku cha namba ya simu, kitufe cha kutuma. Kila kipande kitengenezwe mara moja, kipimwe, kiwekwe mahali pamoja, na kila kiolezo cha ukurasa kikachukue hapo. Hospitali ikitaka jina, kisanduku ni kile kile. Idara ya maji, kile kile. Shule, kile kile. Wateja walifurahi, Mkurugenzi akafurahi zaidi, na makosa ya mtu mmoja mmoja yakaisha. Likabaki kosa moja, la wote.

Kosa lenyewe liliingia adhuhuri moja kabla ya chakula. Ofisi fulani ililalamika kwamba watu wanaandika herufi ovyo ovyo kwenye kisanduku cha jina ili wapite. Fundi akaongeza sharti: jina lisipungue herufi tatu. Akaandika na onyo la maandishi mekundu, akalisoma, akaona lina adabu ya kutosha, akaenda kula.

Jioni ya siku ya usajili, Karani aliporudi alimkuta mkewe kwenye meza ya chakula, kompyuta mbele yake, sahani pembeni. Mama yake alikuwa chumbani, amejinyoosha.

"Fomu yenu imemkataa mama," alisema Karani akivua viatu.

"Haiwezekani. Utakuwa umebonyeza vibaya."

"Nimebonyeza vizuri. Inasema jina ni fupi."

"Umeandika jina lake kamili au umefupisha?"

Karani alimtazama. "Hebu nitajie jina kamili la mama."

Tangu aolewe Fundi hakuwahi kulitamka jina la mama mkwe wake. Mkwe hatajwi hivi hivi. Alimwita Mama, na wote waliokuja nyumbani walimwita Mama. Alilijua, ndiyo, kama mtu anavyojua kuna bomba la maji chini ya sakafu. Sasa ndipo alipohesabu herufi zake.

"Mbili," alisema polepole.

"Mbili."

"Sikumfikiria."

"Nani angemfikiria. Si yuko humu ndani tu."

Fundi alisukuma sahani. "Sasa ikawaje? Amekosa nafasi?"

"Nimerudia jina mara mbili, ikapita."

Hapo Fundi akapumua. Kwa haki, alikuwa na sababu zake. Wiki hiyo vipande vyake vilikuwa vinakabidhiwa kwa kundi kubwa la wateja wapya, Mkurugenzi alikuwa ameamuru visiguswe, na ilikuwa imenong'onwa kwamba baada ya makabidhiano kutaundwa kitengo cha vipande, na kila kitengo huwa na mkuu wake. Mama ameshapita. Mtu ni mmoja. Atarekebisha baadaye.

"Si ameshaandikwa, basi," alisema, akavuta sahani yake tena.

* * *

Asubuhi ya upasuaji bibi alikoga, akavaa nguo yake nzuri, akakataa kushikwa mkono mpaka kwenye ngazi. Karani na Fundi walimsindikiza wote wawili. Walikaa kwenye benchi refu pamoja na wenye macho mabovu wenzake, na baada ya muda muuguzi akaja na orodha, akaita jina lile lililorudiwa.

Bibi hakuitika.

"Mama, ni wewe," alinong'ona Karani.

"Ah, ndiye mimi," bibi alisema akisimama. "Samahani, bado sijalizoea."

Muuguzi aliomba kitambulisho. Alikiangalia, akaangalia orodha, akaangalia tena kitambulisho. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu aliyewahi kushuhudia mgonjwa akipelekwa chumba cha upasuaji badala ya mwingine, na tangu siku hiyo hakumwamini mtu yeyote aliyesema ni yeye.

"Mama, aliye kwenye orodha si wewe."

"Ni yeye," alisema Karani. "Mimi ndiye niliyemwandika. Nafanya kazi hapa hapa."

"Kwa hiyo wewe ndiye uliyeandika jina la uongo?"

Watu wa benchi walikuwa wamegeuza nyuso zao zote upande huo, hata wasioona.

"Fomu ilikataa la kweli," Fundi aliingilia. "Ina sharti la herufi tatu. Kitu kidogo tu. Mimi naifahamu hiyo fomu."

"Kama unaifahamu, basi unajua siwezi kubadili kitu hapa. Mimi naletewa orodha imeshachapwa. Jina lisipolingana na kitambulisho, mgonjwa haingii. Hiyo si roho mbaya, ni usalama wake."

"Kwani huyo mwingine yuko wapi?" bibi aliuliza.

"Mwingine yupi?"

"Huyo wa kwenye orodha. Mwiteni aje. Pengine ndiye aliyekuja na macho yangu mazima."

Muuguzi alitabasamu kidogo, akamshika bega, akamketisha tena. Kisha akaita jina lililofuata, na mtu mwenye jina la kutosha akainuka, akaingia.

* * *

Fundi alikwenda ofisini moja kwa moja kutoka hospitalini. Daktari mgeni alikuwa bado na siku mbele yake. Kisanduku kikirekebishwa leo, mama ataandikwa leo, kesho ataitwa kwa jina lake. Alimkuta Mkurugenzi akipanga maneno ya hotuba ya makabidhiano. Katika kampuni ile hapakuwa na matatizo. Palikuwa na changamoto tu, na kila changamoto ilikuwa fursa.

"Pole sana kwa changamoto ya mama," alisema Mkurugenzi alipomaliza kusikiliza.

"Asante. Naomba ruhusa nikifungue kisanduku cha jina. Ni kufuta mstari mmoja."

"Kimefungwa mpaka wateja wakabidhiwe."

"Kukifungua si kazi kubwa."

"Kukifungua ni kukiri," alisema Mkurugenzi, na akaonekana kupendezwa na jinsi alivyolisema. "Wateja wamenunua kitu kilichokamilika. Tukigusa leo watauliza kulikuwa na nini jana. Hebu niambie, watu wenye majina ya herufi mbili ni wangapi?"

"Sijui. Mmoja naishi naye."

"Unaona? Mmoja. Wewe mwenyewe ndiye uliyetufundisha uzuri wa kazi hii: kipande ukikigusa hapa, kimeguswa kila mahali. Ukikosea?"

"Nimeshakosea, Bosi. Kila mahali."

Mkurugenzi akaweka kalamu chini, akamwangalia kwa huruma wanayopewa wagonjwa wa kichwa. "Nenda nyumbani ukapumzike. Familia kwanza. Baada ya makabidhiano tutakaa, tutaona namna."

Makabidhiano yalifanyika, yakafana. Palikuwa na keki iliyoandikwa jina la kampuni, nalo lilikuwa refu mpaka likazunguka ubavuni. Daktari mgeni alimaliza orodha yake siku hiyo hiyo, akafunga vifaa vyake, akaondoka.

* * *

Jumapili, bibi alijaribu kumimina chai. Alimimina pembeni ya kikombe, chai ikatambaa mezani hadi mapajani mwake, naye akaendelea kushika birika kana kwamba kila kitu kinakwenda sawa. Fundi alimpangusa. Bibi alisema kikombe kilikuwa kimesogezwa. Hakuna aliyekisogeza.

Bibi alipokwisha kwenda chumbani kubadili nguo, Karani alizungumza bila kumtazama mkewe.

"Si mama peke yake."

"Unamaanisha nini?"

"Pale mlangoni. Wako wengi. Yuko baba mmoja, jina la baba yake ni fupi, amerudi mara nyingi. Yuko dada mwenye mtoto mchanga. Wanajaribu, inawakataa, wanaondoka."

"Na wewe unafanya nini?"

"Naandika kwenye ripoti kwamba hawakufuata maelekezo. Ndivyo tulivyoelekezwa."

Fundi akasema kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele, "Muda wote huo. Na hukuniambia."

"Nikuambieje? Kila nikisema fomu yenu ina kasoro, unaniambia nimebonyeza vibaya. Nikasema labda kweli. Wewe ndiye mtaalamu, mimi ni wa kukaa mlangoni. Kazi yangu si mliichukua mkaiweka kwenye hicho kisanduku?"

"Usinibebeshe hilo. Watoto wanasomeshwa na hicho hicho kisanduku."

"Sijakataa. Nami nakula humo humo."

"Jamani," sauti ya bibi ilitoka chumbani, "msigombane kwa sababu ya macho. Yangekuwa meno mngefanyaje?"



Jumatatu Fundi alifika ofisini kabla ya wenzake. Alifungua kisanduku cha jina, akalitafuta sharti lake, akalifuta. Akafuta na onyo jekundu. Akakipima kwa jina refu, kwa jina fupi, kwa jina la herufi moja, kikapokea vyote. Kisha akakirudisha mahali pake, na violezo vyote vya hospitali, maji, shule na ofisi ambazo hajawahi kukanyaga vikakichukua kama vilivyofundishwa. Kazi yenyewe ilikuwa fupi kuliko maombi aliyoyaomba ili aruhusiwe kuifanya.

Katikati ya asubuhi simu yake ikalia.

"Imepita," alisema Karani.

"Nani?"

"Yule mtoto mchanga." Nyuma yake ilisikika foleni, na mtu akikohoa. "Mama yake ameniuliza kulikuwa na shida gani siku zile. Sikuwa na la kumwambia."

* * *

Mkurugenzi aligundua kabla jua halijapinda. Fundi alipewa barua ya onyo kwa kubadili kipande bila idhini na kuhatarisha imani ya wateja. Aliisoma, akasaini palipoonyeshwa. Kabla wino haujakauka akaletewa karatasi nyingine, tangazo la kwenda kwa wateja wote: kampuni ina furaha kubwa kutambulisha toleo lililoboreshwa, lenye kupokea majina yote, marefu kwa mafupi, kwa kuwa sisi tunamjali kila mtu.

"Hebu liangalie," Mkurugenzi alimwambia. "Wewe una jicho zuri la tahajia."

Fundi alirekebisha neno moja, akalirudisha. Kitengo cha vipande kiliundwa mwezi uliofuata. Mkuu wake akawa kijana mmoja mpole aliyesifika kwa kutogusa kitu. Fundi aliendelea kukaa kwenye meza yake ya zamani, akitengeneza visanduku ambavyo kijana yule alivikagua na kuvisifia.

Daktari mgeni alichelewa kurudi. Safari hii bibi aliandikwa kwa jina lake, na jina hilo lilipoitwa aliitika kabla muuguzi hajalimaliza, ingawa halikuwa na pa kuchelewa. Waliingia naye. Baadaye daktari akawaita Karani na mkewe pembeni, kwenye korido iliyokuwa inapigwa deki.

"Jicho la kulia litaona vizuri," alisema. "La kushoto nimechelewa. Mtoto wa jicho aliachwa akaiva kupita kiasi, presha ya jicho ikapanda, mshipa wa kuonea umekufa. Angekuja kwangu safari ile, angeondoka na yote mawili." Akamwangalia Karani. "Ilikuwaje asije?"

"Alikuja," alisema Karani.

Muuguzi akamwita daktari kwa mgonjwa mwingine. Mpiga deki aliwaomba wainue miguu, wakainua.

"Tusimwambie," alisema Karani walipobaki wawili. "Tuseme ni uzee. Mama ataridhika na uzee."

"Wewe sema uzee," alijibu Fundi. "Mimi nina la kwangu."

* * *

Alilisema siku chache baada ya bandeji kuondolewa, mchana, nyumba ikiwa tulivu. Bibi alikuwa amekaa kwenye meza ya chakula akitazama vitu kimoja kimoja. Alikuwa ameshasema mapazia ni machafu, na kwamba mwanawe amezeeka vibaya, na hakuna aliyethubutu kumpinga.

"Mama," alisema Fundi, "ile fomu iliyokukataa niliitengeneza mimi."

"Najua."

"Unajua?"

"Nilikuwa sioni, mwanangu. Masikio yalikuwa yapo. Kuta za nyumba hii ni nyembamba kuliko mnavyodhani."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe. Nikaona unachelewa, nikasema labda na wewe umekwama kwenye foleni."

Fundi aliinamisha kichwa. Alisema alijua mapema, usiku ule ule wa kwanza, na kwamba angeweza kugusa kabla, na kwamba aliogopa kazi yake. Hakuweka neno "lakini" mwishoni. Bibi alisikiliza akizungusha kikombe kitupu.

"Nionyeshe hicho kitu," alisema hatimaye.

Fundi akafungua kompyuta, akaisogeza kati yao. Kwenye ukurasa mweupe palikuwa na kisanduku kimoja, mstari mwembamba umekizunguka. Bibi aliinama, akakikaribia kwa jicho lake la kulia.

"Hiki?"

"Ndiyo, Mama."

"Hiki ndicho unachokalia kutwa nzima?"

"Hicho, na vingine kama hicho."

"Na wanakulipa." Bibi akatikisa kichwa, si kwa hasira, kama mtu aliyeonyeshwa bei ya kitu sokoni. Kisha akalifunika jicho zima, lile la kulia, kwa kiganja, akabaki hivyo akiielekea skrini. Fundi alianza kuinua mkono amguse, akaurudisha.

"Kwa hili sioni kitu," alisema bibi. "Hata mwanga."

"Najua, Mama."

"Unajua kwa kuambiwa na daktari. Sasa nakuambia mimi."

Fundi aliitikia kwa kichwa. Kisha akatambua kwamba alikuwa amekaa upande wa kushoto na kwamba kichwa chake hakikuonekana. "Nimesikia, Mama," alisema kwa sauti, akasimama, akakibeba kiti chake, akaenda kukiweka upande wa pili.